Kichaka cha Newala na Waliokisimulia

Barabara ya kutoka Masasi kwenda Newala huanzia tambarare, kati ya vilima vya mawe ambavyo kila mgeni huvipiga picha, kisha hupanda ukingo wa uwanda wa juu wa Wamakonde. Ukifika juu, hewa inapoa, na ukungu wa asubuhi hukaa mpaka jua lichomoze sawasawa. Mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na inaponyesha hunyesha kweli. Lakini mto huuoni. Udongo wa Newala ni wa kichanga na una kina kirefu; maji huzama, hupita chini kwa chini, na kutokea kwenye chemchemi zilizo miguuni mwa ukingo, mbali na nyumba za watu. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote, na Msumbiji ng'ambo. Maji yako kule chini. Watu wako huku juu.

Kwa nini watu wachague kukaa mbali na maji? Swali hilo limeulizwa kwa zaidi ya miaka 100, na wageni kwanza, kisha na maofisa wetu wenyewe. Mimi nimezaliwa upande huo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma yaliyoandikwa juu yake: vitabu vya wasafiri, habari za wamisionari, majarida ya wakoloni, magazeti. Nilitaka kujua historia ya maji. Nilichokikuta ni historia ya ubishi kuhusu miti, moto na udongo, ambamo aliyekuwa na kalamu au redio ndiye aliyeamua tatizo liitwe nini. Na tatizo likishapewa jina, dawa yake huwa imekwisha kuchaguliwa.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi akiwa na kundi la watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar, wakaanzisha kijiji chao pale chini ya vilima vya mawe. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku walijulikana kama Wamagwangwara, wakakivamia. Waliuawa watu, wengine wakachukuliwa mateka, na Chauncy Maples akahamishia kazi yake Newala, kwa mkuu Matola. Mwaka mmoja baadaye misheni hiyo ilianza kuchapisha London jarida lake la Central Africa. Jarida la namna hiyo liliishi kwa michango ya wasomaji wake, na mtoa mchango wa Uingereza alitaka kusikia habari za mtumwa, mvamizi na muumini mpya. Nchi yenyewe, na miti yake na udongo wake, ilibaki kuwa jukwaa ambalo habari hizo zilichezewa.

Lakini kwa waliokuwa wakiishi juu, nchi hiyo ilikuwa silaha. Kichaka cha uwanda wa Makonde kilikuwa kizito kiasi kwamba mtu hapiti ila kwa njia iliyokatwa, na njia hizo zilikuwa nyembamba, za mtu mmoja mmoja. Jeshi la mikuki lililozoea kupigana uwanjani halikuwa na la kufanya humo. Wafanyabiashara wa watumwa nao walipenda njia za mabondeni, penye maji na vijiji vya kupumzikia. Aliyepanda juu alinunua usalama, na bei yake ilikuwa kiu. Mtu wa karne ya 19 aliyeona dada yake akichukuliwa kisimani hakuhitaji kuelezwa hesabu hiyo.

Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vita vya Majimaji kufika hadi Masasi na kuiteketeza misheni, alipita Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig. Alikusudia kwenda kaskazini, lakini huko kulikuwa na machafuko, akaelekezwa nyuma ya Lindi. Alizunguka Masasi, Newala na Mahuta akiwa na vyombo ambavyo huku havijapata kuonekana: kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupigia picha za sinema. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1908, na Uingereza mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi msomaji wa Ulaya aliyetaka kumjua Mmakonde alimjua kupitia kwake.

Weule aliona mengi kwa makini. Aliandika juu ya kichaka, juu ya moto wa kufyekea mashamba, juu ya wanawake wanaoshuka ukingo kwenda kuchota maji na kuyapandisha. Aliandika pia simulizi ya asili ambayo wazee wetu bado wanaijua. Hapo kale palikuwa na mtu mmoja peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nje ya kibanda chake. Usiku ikageuka kuwa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, na mwanamke akajifungua mtoto aliyekufa. Wakasogea juu kidogo, wa pili naye akafa. Walipofika juu kabisa, Mahuta, mtoto wa tatu akaishi. Ndipo ukabaki wosia: msikae mabondeni kando ya maji makubwa, kuna maradhi na mauti.

Msomaji wa Leipzig aliipokea hiyo kama hadithi ya asili ya kabila, kitu cha kuwekwa kwenye kabati la makumbusho. Mimi naisoma pia kama maoni katika mjadala wa mazingira. Inasema wapi pa kujenga na kwa sababu gani. Malaria iko bondeni, mbung'o yuko bondeni, msafara wa watumwa unapita bondeni. Yote hayo yamefungwa ndani ya simulizi moja ambayo mtoto anaweza kuikariri. Hakuna ripoti ya serikali iliyowahi kulieleza jambo hilo kwa ufupi namna hiyo.

Hata hivyo nisiifanye simulizi hiyo kuwa takatifu. Wosia wa kukaa juu ulitolewa kwa wote, lakini waliolipa bei yake walikuwa wanawake. Bibi yangu mzaa mama alishuka na kupanda ukingo tangu akiwa msichana wa kutoka unyagoni, kwanza na mtungi, baadaye na debe. Aliondoka kabla ya jogoo kuwika na kurudi jua limepanda, na maji hayo yalikuwa ya kupikia, ya kunywa na ya kumwogesha mtoto, katika debe moja. Katika ngoma na nyimbo nilizokua nazisikia, mwanamke hodari ni yule ambaye maji hayakosekani kwake. Ukishafanya adha kuwa sifa, huioni tena kuwa adha. Thamani za jamii zinaweza kumlinda mtu, na zinaweza pia kumnyima maneno ya kulalamikia.

Baada ya Vita vya Kwanza Mwingereza akashika nchi. Mwaka 1923 idara ya elimu ya serikali ilianza kuchapisha Mambo Leo kwa Kiswahili, na watu wakalipenda: lilikuwa na habari, barua, mashairi, na mafundisho ya kilimo bora. Mjadala wenyewe wa kitaalamu, hata hivyo, ulifanyika kwingine na kwa Kiingereza. Kuanzia 1936 kulikuwa na Tanganyika Notes and Records, na humo, mwaka 1945, Clement Gillman alichapisha makala kuhusu kulaza mashamba kichakani katika uwanda wa Makonde. Gillman alikuja zama za Mjerumani kama mhandisi wa reli, akaishia kuwa mshauri wa maji na mchoraji wa ramani ya mimea ya Tanganyika. Neno alilolichagua kwenye kichwa cha makala lina uzito. Ukiona mtu anafyeka, anachoma, analima misimu michache kisha anahama, unaweza kusema anaharibu. Ukisema analaza shamba, umekubali kwamba shamba hilo litaamka, na kwamba kichaka kinachoota juu yake kina kazi: kinarudisha rutuba kwenye mchanga ambao hauna mbolea nyingine.

Makala hiyo ilisomwa na watu wachache. Habari iliyosomwa na wengi ilikuwa ya karanga. Mwaka 1946 John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, aliongoza ujumbe uliopendekeza kulima karanga kwenye ekari milioni 3.2 za Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Uingereza ya baada ya vita ilikuwa ikigawiwa mafuta ya kula kwa vipimo, na magazeti yake yakaupokea mpango huo kwa vifijo. Nachingwea, jirani kabisa na Masasi, ikachaguliwa. Reli na bandari mpya ya Mtwara vikajengwa kwa ajili yake. Trekta zikaingia kung'oa vichaka vilevile ambavyo wakulima walivilaza kwa akili. Mapema 1951 serikali ya London ikaufuta mpango ukiwa umekula kiasi cha pauni milioni 36. Magazeti yaliyoushangilia yakaugeuza kichekesho. Hawakusema kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe waliokuwa wakilima karanga muda wote, kidogo kidogo, bila hasara kwa mtu.

Wakati huohuo mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa yakitokea kimya kimya, bila gazeti. Watu walikuwa wakipanda mikorosho. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Shamba la kichakani lilikuwa la kutumia, mtu akihama linarudi kwa ukoo. Mti wa kudumu ni mambo mengine. Aliyepanda mkorosho ana mkorosho, na baba akaanza kutaka kumwachia mwanawe badala ya mpwa wake. Palipo na mkorosho hapalazwi tena. Kwa hiyo kichaka kilipungua kwa sababu ya urithi, baba na mwana, kuliko kwa sababu ya trekta za Nachingwea. Sijawahi kukiona kisa hicho kikiandikwa kama habari ya mazingira. Kilikuwa habari ya familia, na habari za familia hazichapishwi.

Ndipo ikaja miaka ya 1970, ambayo kila mtu wa umri wa wazazi wangu ana lake la kusimulia. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mhariri wa Daily News wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, mtoto wa Masasi, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameongoza Nationalist na Uhuru, na mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais. Silitaji jambo hilo ili kumlaumu. Wengi walioamini ujamaa waliuamini kwa moyo. Nalitaja kwa sababu mara nyingi tunasema kusini hakukuwa na sauti kwenye vyombo vya habari. Sauti ilikuwapo, tena kwenye kiti cha juu. Lakini gazeti la chama na la serikali lilikuwa na thamani zake: umoja, maendeleo, kusogea karibu na shule, zahanati na bomba. Mtu aliyesema mikorosho yangu iko mbali na kijiji kipya hakuonekana kuwa anazungumzia mazingira. Alionekana mbinafsi.

Mikorosho ikaachwa. Nyasi zikaota chini yake, moto wa kiangazi ukapita. Bei aliyolipwa mkulima nayo ilikuwa ndogo, na kuelekea mwisho wa muongo ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Wataalamu bado wanabishana sababu ipi ilikuwa na uzito gani, lakini nyumbani hakuna aliyesahau mpangilio wa matukio: kwanza tulihamishwa, kisha miti ikaugua.

Redio wakati huo ilikuwa na nguvu ambayo vijana wa leo hawaijui. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza Redio Tanzania, kusoma vijitabu na kujadiliana. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Mwaka 1980 ikafuata Misitu ni Mali, iliyohimiza kupanda miti na kuzuia moto. Ninaziheshimu kampeni hizo. Zilizungumza Kiswahili, ziliwaita watu wakae pamoja waseme. Lakini tazama jina la hiyo ya pili. Msitu ni mali. Kichaka cha Newala, ambacho si msitu wa mbao wala si shamba, kiliingia wapi humo? Katika lugha ya kampeni, kilikuwa kitu kilichobaki baada ya msitu kuharibiwa. Na mwenye kiberiti alikuwa mkulima siku zote. Watu waliohamishwa kutoka kwenye miti yao waliambiwa na redio umuhimu wa kupanda miti, na hakuna aliyecheka, angalau si hadharani.

Maji nayo yalikuwa na siasa yake. Miaka ya 1950 palikuwa na shirika la maji la Makonde, maji yakasukumwa kupanda juu na kuuzwa. Baada ya uhuru ikawa aibu kumwuzia mwananchi maji. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mtu wa kijijini maji ndani ya mita 400, bila malipo, na Finland ikasaidia Mtwara na Lindi kwa visima, mabomba na pampu. Thamani ya usawa ilikuwa nzuri, ila dizeli haikuijua. Pampu zilipokosa mafuta na vipuri, mabomba yakakauka na wanawake wakashuka tena ukingo. Miaka ya 1990 wimbo ukabadilika: maji si bure, changia. Bibi yangu aliyaishi majira yote matatu, ya kununua, ya bure na ya kuchangia, na katika yote matatu alikuwa na njia moja anayoiamini, ile ya kwenda chemchemini.

Leo mabishano yanayosikika zaidi ni ya korosho. Kuanzia ubwiriunga ulipoingia, mkulima wa Masasi na Newala amefundishwa kupulizia salfa ya unga, alfajiri, majani yakiwa bado na umande. Salfa ilirudisha zao. Watoto wamesomeshwa kwa salfa, nyumba zimeezekwa bati kwa salfa, nami ni mmoja wa waliosomeshwa. Lakini salfa inayoanguka chini hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa tindikali, na udongo wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kuizuia. Mwaka 1997 Amos Majule na wenzake walichapisha utafiti juu ya athari hizo hasa, katika mikorosho ya kusini. Ulichapishwa kwenye jarida la kitaalamu la Kiingereza, kama makala ya Gillman miaka 52 kabla yake.

Linganisha hilo na habari ya bei. Novemba 2018 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, hakukuwa na simu kijijini isiyokuwa na habari hiyo. Kila msimu minada ya vyama vya ushirika hutangazwa, na watu wanajua bei ya Newala, ya Tandahimba, ya Masasi, hadi senti. Bei ina gazeti, ina redio, ina makundi ya simu. Udongo hauna. Siwalaumu waandishi wa habari peke yao. Mimi mwenyewe nikipiga simu nyumbani, baada ya salamu swali la kwanza huwa mnada umeendaje. Tunapewa habari za kile tunachokithamini, kisha tunakithamini zaidi kwa sababu ndicho tunachopewa.

Mwaka 2013 tuliiona nguvu hiyo kwa ubaya wake. Mtwara ilikuwa ikipinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Januari 26 vurugu zikazuka Masasi, mali zikachomwa. Habari za siku zile zilitaja ugomvi kati ya polisi na waendesha bodaboda, lakini katika masimulizi ya kitaifa kila moshi wa kusini ukawa moshi wa gesi. Mei 22, bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa na kurushwa moja kwa moja, Mtwara ikawaka. Upande mmoja ulisema rasilimali ni ya taifa zima, wa pili ukasema kusini imeachwa muda mrefu. Hoja zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake. Kati ya hizo mbili hapakubaki nafasi ya mtu wa tatu, anayetaka kuuliza tu habari za bahari, wavuvi na ardhi.

Kwa hiyo nikiulizwa mjadala wa mazingira wa Newala uanzie wapi, nitajibu kwa mambo mawili ya kawaida. Kwanza, utafiti wa udongo wetu usomwe kwa Kiswahili, kwenye mikutano ileile ya ushirika inayotangaza bei, na mtu aruhusiwe kuuliza kama salfa inaweza kupunguzwa bila kupoteza mavuno. Pili, saa za kuchota maji zihesabiwe na kutangazwa kama kilo za korosho zinavyotangazwa. Chemchemi za chini ya ukingo, kama Mbwinji inayoilisha Masasi na Nachingwea, zinategemea mvua inayozama juu, na mvua huzama vizuri palipo na mimea. Kichaka kilichodharauliwa kwa miaka 100 kina uhusiano na bomba la mjini.

Wazee waliotunga wosia wa kukaa juu walilijua jambo moja ambalo wahariri wengi hawakulijua: ukitaka watu waitunze nchi, lazima habari yake isimulike na yule anayeishi ndani yake. Wao walisahau kuwapa wanawake zamu ya kusimulia. Zamu hiyo bado haijatolewa, na maji bado yako chini.